Sili za vali ya haidroliki zinavuja tena kila baada ya wiki mbili: nimekosea wapi?

Msimamizi wa Trekta, Masindi

Nawasalimu mafundi wote. Ninasimamia trekta yenye mkono wa kupakia miwa hapa Masindi, ambayo tuliinunua kwa kuchangiana wakulima saba, na kwa miezi mitatu sasa imenisumbua kwa jambo moja tu. Vali ya kuongozea mafuta, ile yenye nyenzo tano anazoshika dereva, inavuja kwenye ncha za spuli, yaani vile vyuma vya mviringo vinavyoteleza ndani ya vali nyenzo zinapovutwa, pande zote mbili: upande wa nyenzo na upande wa vifuniko vya springi. Nimekwisha kubadilisha sili zote, yaani vile vizibo vya mpira, mara tatu. Kila mara vali hukaa kavu kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha huanza kutoa jasho, jasho likawa matone, na matone yakawa mchirizi unaoshuka hadi kwenye ngazi ya kupandia, ambapo dereva ameshateleza mara moja.

Vali yenyewe ni ya vipande vitano vilivyobanwa pamoja kwa bolti ndefu. Pampu ni ya gia na hutoa lita 60 hivi kwa dakika injini ikiwa katika mwendo wa kazi, na vali ya usalama imewekwa kwenye shinikizo la bari 175. Baina ya kipande na kipande hakuna uvujaji hata kidogo. Ni kwenye ncha za spuli tu. Mafuta ni ya haidroliki ya namba 68, nami huyabadilisha kwa wakati wake.

Kuna mambo mawili niliyoyaona ambayo huenda yakawasaidia. La kwanza, uvujaji huzidi sana dereva anaposhusha mkono kwa haraka, ilhali anapouinua ukiwa umekumbatia mzigo mzima wa miwa, wakati ambao nilitarajia shinikizo liwe kubwa kuliko wakati mwingine wowote, vali karibu haivuji. La pili, mkono ukiachwa juu usiku, asubuhi tunaukuta umeshuka kiasi cha shubiri mbili. Je, ni sili hizi hizi zinazoruhusu mkono kushuka? Na je, ziko sili ngumu zaidi ninazoweza kununua ili nimalize jambo hili kabla ya mvua za Septemba? Kutoka hapa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, kwa hiyo sipendi kusafiri mara ya nne kununua kitu kwa kubahatisha.

Muuza Vipuri, Kampala

Ndugu Msimamizi, mimi ninauza sili na oringi, yaani sili za umbo la pete, hapa katika soko la Kisekka, na kabla wenzangu hawajaingia katika mambo ya vali yenyewe, naomba kwanza tuhakikishe kwamba ulichokinunua ndicho ulichokihitaji. Wateja wengi huniletea oringi iliyotolewa kwenye mashine na kuniambia niwape kama hiyo. Oringi iliyofanya kazi kwa miaka huwa imebonyea, au imevimba, au imekauka na kusinyaa, na kwa vyovyote vile haisemi tena ukweli kuhusu kipimo chake. Kinachosema ukweli ni mtaro inamokaa. Pima kwa kalipa kipenyo cha spuli, kipenyo cha mtaro na upana wa mtaro, kisha uje na namba hizo tatu hata kama hukuja na oringi.

Kinachowapoteza watu wengi ni mchanganyiko wa inchi na milimita. Oringi za inchi zinazotumika sana katika mashine hizi zina unene wa milimita 1.78, 2.62 au 3.53, na za milimita zina 2, 2.5, 3 na kuendelea. Ukizishika mbili, ya 2.62 na ya 2.5, jicho haliwezi kuzitofautisha. Lakini oringi huziba kwa sababu imebanwa kidogo ndani ya mtaro wake. Chukulia mtaro una kina cha milimita 2.2: ya kwanza itabanwa milimita 0.42, ya pili 0.30, maana yake umepoteza zaidi ya robo ya mbano kabla hujawasha injini.

Jambo jingine ni aina ya mpira. Mafuta ya haidroliki yanayotokana na mafuta ghafi yanataka mpira wa naitrili. Kuna mpira mwingine mweusi kama huo, wa EPDM, ambao ni mzuri kwa maji na kwa mafuta ya breki, lakini ukiuweka ndani ya mafuta ya haidroliki huvimba na kulainika kama andazi lililoloweshwa katika chai. Ukiwa na shaka, pima unene wa oringi moja mpya, itumbukize katika kikopo cha mafuta yako hadi kesho, kisha uipime tena. Ama ugumu, naitrili ya ugumu wa 70 ndiyo ya kawaida. Ya 90 imewekwa kwa ajili ya shinikizo kubwa ambalo lingeikamua ile laini na kuipenyeza katika nafasi nyembamba. Mahali penye shinikizo dogo, mpira mgumu huchelewa kukaa vizuri na unaweza kuvuja zaidi. Kwa hiyo sikushauri ununue sili ngumu kwa sababu tu zile za kwanza zimekushinda, ingawa ningepata faida kukuuzia.

Dereva, Hoima

Sisi huku hutia nusu lita ya mafuta ya breki ndani ya tangi la haidroliki. Sili huvimba na uvujaji hukoma. Wengine huweka oringi nene zaidi ya ile iliyokuwamo. Kazi huendelea.

Mstaafu wa Karakana, Gulu

Dereva wa Hoima, naomba unisamehe, lakini ushauri huo umeua pampu nyingi. Mafuta ya breki ya kawaida hayachanganyiki na mafuta ya haidroliki, na huvimbisha na kulegeza mpira wa naitrili popote ulipo, si pale unapovuja tu. Yatafika kwenye sili ya shafti ya pampu na kwenye sili za kila silinda, na baada ya mwezi utakuwa na sehemu kumi zinazovuja badala ya moja. Oringi nene nayo huishika spuli isirudi katikati mwenzo unapoachiliwa, na mkono wa mashine unaoendelea kusogea baada ya dereva kuachia mwenzo unaweza kumuua mtu aliyesimama karibu na mzigo wa miwa.

Sasa nirudi kwa mwenye swali, maana yeye mwenyewe ameshatupa jibu bila kujua. Nilifanya kazi katika karakana ya jeshi kwa miaka mingi, na vali za namna hii nimezifungua nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Watu wengi hudhani kwamba ndani yake mna sili za mpira zinazozuia lile shinikizo kubwa. Hazimo. Baina ya spuli na tundu lake, chuma huzibwa na chuma, na nafasi iliyoachwa ni ya mikroni chache, kwa kawaida kati ya 5 na 15, wakati unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Mafuta ya bari 175 yanazuiwa na wembamba huo peke yake. Kiasi kidogo hupenya, na kile kinachopenya huishia katika chemba iliyo kwenye ncha ya spuli, ambayo imeunganishwa na njia ya kurudishia mafuta tangini. Sili unazozibadilisha ziko nje ya chemba hiyo. Kazi yao ni kuzuia mafuta ya kurudi yasitoke nje, na kuzuia vumbi lisiingie ndani. Hazijawahi kuonja bari 175 hata siku moja.

Ndiyo maana mkono unapoinua mzigo, shinikizo kubwa likiwa upande wa pampu na silinda, sili zako zimetulia. Na ndiyo maana unapoushusha kwa haraka, mafuta mengi yakikimbilia tangini kwa wakati mmoja, zinalia. Njia yako ya kurudi imebanwa mahali fulani.

Fanya hivi kabla hujanunua sili nyingine. Weka kiungo cha njia tatu pale mafuta yanapotoka kwenye vali kuelekea tangini, ufunge geji ndogo ya bari 0 hadi 40. Usitumie ile geji kubwa ya bari 400 inayotumika kupimia pampu, kwa kuwa sindano yake haitakuonyesha chochote cha maana katika bari 5. Washa injini mpaka mafuta yapate moto wa kazi, usome geji nyenzo zote zikiwa katikati, kisha usome tena mkono unaposhuka kwa kasi. Vali nyingi za namna hii zimeandikiwa kikomo cha kati ya bari 10 na 25 katika njia ya kurudi, lakini kikomo si mahali pa kuishi. Mfumo uliofungwa vizuri hukaa chini ya hapo kwa mbali. Halafu unijibu maswali haya: chujio la kurudi lilibadilishwa lini, tundu la kupumulia la tangi likoje, hozi ya kurudi ina upana gani, na je, kuna mtu aliyefunga vali nyingine mbele ya hiyo?

Hilo la mwisho ninaliuliza kwa sababu nililiona mwenyewe. Mtu mmoja aliongeza vali ya pili kwa ajili ya kifaa chake kipya, akachukua mafuta kutoka kwenye mlango wa kurudi wa vali ya kwanza. Alipovuta mwenzo wa vali ya pili, shinikizo lote la kazi lilirudi nyuma hadi kwenye chemba za ncha za spuli, na sili zikatoka zikiwa zimekunjamana kama maganda ya ndizi. Vali ikitakiwa kuilisha nyingine, lazima ifungwe kipande maalumu kinachotenganisha njia ya kuendelea mbele na njia ya kurudi tangini.

Kuhusu mkono unaoshuka usiku, hilo ni jambo jingine kabisa. Mafuta yanapita ama kwenye sili za pistoni ndani ya silinda, ama kwenye ile nafasi ya mikroni kati ya spuli na tundu ambayo huongezeka kwa uchakavu, ama kwenye vali ndogo za kuzuia mshtuko. Kwa vali isiyokuwa na kufuli ya mzigo, kushuka kidogo usiku kucha si ajabu. Cha ajabu ni kwamba mnauacha mkono juu. Ulazeni chini kila jioni.

Na kwa kuwa utafungua viungo: mkono uwe chini ardhini, injini imezimwa, kila mwenzo usukumwe na kuvutwa mara kadhaa ili shinikizo lililobaki litoke, kisha kifuniko cha tangi kilegezwe polepole. Usitafute uvujaji kwa kidole. Mafuta yanayochomoka katika tundu dogo la hozi yenye presha hupenya ngozi bila maumivu makubwa, na mtu huenda zake nyumbani akidhani amechomwa na mwiba, kumbe anahitaji upasuaji siku hiyo hiyo. Tumia kipande cha boksi.

Msimamizi wa Trekta, Masindi

Afande, nimesoma maneno yako mara mbili na nimeona aibu kidogo. Vali ya pili haipo. Lakini mwezi mmoja kabla uvujaji haujaanza, hozi ya kurudi ilipasuka shambani tukiwa na malori mawili yanayosubiri. Ilikuwa ya inchi moja. Fundi wa hozi tuliyempata mjini hakuwa na ya inchi moja, akatubania ya nusu inchi pamoja na viungo vya kupunguzia kila upande, na tukakubaliana kuwa ni ya muda mfupi tu, kwa kuwa wote tuliamini kwamba hozi ya kurudi haina presha na hivyo upana wake si kitu. Muda mfupi huo ndio umefika miezi minne. Chujio nalo, naona ni afadhali niseme ukweli, halijabadilishwa. Limekuwa likioshwa kwa dizeli na kurudishwa.

Nimeazima geji kwa jirani na nimepima jana. Nyenzo zikiwa katikati, mafuta yakiwa ya moto, geji ilisoma bari 7. Mkono uliposhuka kwa kasi, sindano iliruka hadi 22. Je, tofauti ya hozi peke yake inaweza kuleta jambo kubwa kiasi hicho?

Mkufunzi wa Ufundi, Jinja

Inaweza, na hesabu yake si ngumu. Kipenyo kikipungua nusu, eneo la tundu hubaki robo, kwa hiyo mafuta yale yale lazima yakimbie mara nne zaidi. Lita 60 kwa dakika katika hozi ya inchi moja husafiri kwa takriban mita 2 kwa sekunde, ambao ni mwendo mzuri kwa njia ya kurudi. Katika hozi ya nusu inchi husafiri kwa takriban mita 8 kwa sekunde.

Lakini wengi husahau jambo linalofuata, nalo ndilo linaloeleza kwa nini kushusha ni kubaya kuliko kuinua. Unaposhusha, pampu inasukuma mafuta upande wa fimbo ya silinda, ambako nafasi ni ndogo kwa kuwa fimbo imechukua sehemu yake, na mafuta yanayotoka upande wa pili ni mengi kuliko yale yaliyoingia. Chukua silinda ya kipenyo cha milimita 100 yenye fimbo ya milimita 70: kila lita 60 zinazoingia upande wa fimbo zinatoa karibu lita 118 upande wa pili. Hozi yako ya nusu inchi, ambayo ilikuwa imeelemewa na lita 60, sasa inapewa maradufu. Kwa kawaida mtiririko ukiongezeka mara mbili katika mwendo mkubwa kama huo, kikwazo huongezeka karibu mara nne. Kwako kimeongezeka mara tatu tu, na nadhani ni kwa sababu sehemu ya zile bari 7 ni ya chujio lililoziba, ambalo lina njia yake ya pembeni inayofunguka presha ikizidi. Maana yake ni kwamba mafuta yako yamekuwa yakipita pembeni ya chujio bila kuchujwa. Chujio la karatasi halioshwi. Dizeli huondoa tope la juu na kuyasukuma mengine ndani zaidi.

Rudisha hozi ya inchi moja, na uhakikishe kwamba viungo vyake navyo vina tundu la upana huo, kwa maana kiungo chembamba katika hozi pana ni kazi bure. Weka chujio jipya. Safisha tundu la kupumulia la tangi, ambalo katika vumbi jekundu la kwenu na makapi ya miwa sitashangaa likiwa limekuwa tofali. Kisha, na si kabla ya hapo, badilisha sili.

Katika kuzibadilisha, ninaona mafundi wengi wakichomoa spuli nzima, nao ndio mwanzo wa balaa jipya. Katika vali nyingi za namna hii, ukiondoa kibano cha mwenzo upande mmoja na kifuniko cha springi upande wa pili, unaziona sili zikiwa zimekaa katika mitaro yao nyuma ya bamba dogo la chuma, na unaweza kuzivuta kwa kulabu ya shaba au ya plastiki huku spuli ikiwa imebaki mahali pake. Kulabu ya chuma kigumu itakwaruza mtaro, na mkwaruzo mmoja unatosha kuwa njia ya mafuta. Sili mpya ipakwe mafuta yale yale ya haidroliki, kisha iteleze juu ya ncha ya spuli kutoka nje. Ikiwa ncha hiyo ina tundu la pini au nyuzi za skrubu, ifunike kwa karatasi laini ya plastiki, la sivyo sili itakatwa wakati wa kuingia na wewe hutaona, kwa kuwa kidonda kitakuwa upande wa ndani. Ukilazimika kabisa kuchomoa spuli, itie alama na uirudishe katika tundu lake lile lile na kwa upande ule ule. Spuli na tundu lake zimesagwa pamoja kiwandani. Hazibadilishani na jirani zake hata kama kwa macho ni mapacha. Na kingo kali za spuli zisiguswe na msasa, kwa maana ukali wake ndio unaopima mafuta.

Zile bolti ndefu usiziguse, kwa kuwa baina ya vipande hakuvuji. Zikifunguliwa, lazima zikazwe hatua kwa hatua kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha mtengenezaji, na kila hatua spuli zijaribiwe kwa mkono. Zikikazwa kupita kiasi, mwili wa vali hupinda kidogo na spuli hukwama.

Mpita Njia, Lira

Kwa nini msinunue vali mpya mkamaliza?

Mstaafu wa Karakana, Gulu

Kwa sababu vali mpya nayo ingefungwa kwenye hozi ya nusu inchi.

Msimamizi wa Trekta, Masindi

Narudi kwenu baada ya wiki tano, kwa kuwa sikutaka kusema neno kabla ya zile wiki mbili zangu za kawaida kupita mara mbili. Hozi ya inchi moja imefungwa pamoja na viungo vyake, chujio ni jipya, na tundu la kupumulia lilikuwa kama alivyolitabiri mkufunzi wa Jinja: tulitoa kidonge kigumu cha udongo na nyuzi za miwa. Sili nilizinunua kwa vipimo vya mtaro, na ilibainika kwamba zile za zamani zilikuwa za 2.5 katika mtaro wa 2.62, kwa hiyo ndugu wa Kisekka naye alikuwa na sehemu yake ya ukweli. Geji sasa inasoma bari 1.5 nyenzo zikiwa katikati, na 5 mkono unaposhuka kwa kasi. Spuli nne kati ya tano ni kavu kabisa.

Ya tano, ile ya kugeuzia mkono kushoto na kulia, bado inatoa jasho upande wa mwenzo. Si mchirizi, lakini jioni kuna tone moja au mawili. Nilipoifuta vizuri niliona kwamba sehemu ya spuli inayotokeza nje ina vishimo vidogo vya kutu, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Kile kifuko cha mpira kinachofunika ncha hiyo kilichanika zamani, na trekta hulala nje mvua inaponyesha. Je, niisugue kwa msasa?

Mkufunzi wa Ufundi, Jinja

Hongera kwa zile nne. Kwa ya tano, pitisha ukucha wako juu ya vishimo hivyo. Ukucha usiponasa, unaweza kusugua sehemu ile ya nje tu, pale sili inapoteleza, kwa msasa wa maji wa namba 1200 uliolowa mafuta, ukizunguka spuli na si kwa urefu wake, kwa maana mistari ya urefu itakuwa mifereji ya kuyatolea mafuta nje. Funga kitambaa safi kwenye mdomo wa tundu kwanza ili unga wa msasa usiingie, na usafishe kwa uangalifu kabla hujairudisha sili.

Ukucha ukinasa, msasa hautakusaidia, kwa sababu utaipunguza spuli unene mahali hapo na sili itakosa mbano. Vishimo vile, kila mwenzo unapovutwa, hupita chini ya mdomo wa sili kama jino la msumeno. Wako watu wanaoweza kuipaka kromu upya na kuisaga ikarudi kwenye kipimo, lakini kazi hiyo inataka mashine ya kusagia yenye usahihi wa mikroni, si ya kukereza ya kawaida, na gharama yake ulinganishe kwanza na bei ya kipande kimoja kizima, yaani mwili na spuli yake pamoja. Hapo ndipo unapoona faida ya vali ya vipande: unabadilisha kimoja, vinne vinabaki. Siku hiyo sasa zile bolti ndefu zitafunguliwa, na oringi za baina ya vipande zibadilishwe zote, hata zile zinazoonekana nzima.

Mstaafu wa Karakana, Gulu

Tone moja au mawili jioni linaweza kungoja hadi miwa ya msimu huu iishe. Weka kifuko kipya cha mpira leo, upake grisi kidogo kwenye ncha zote tano kabla ya kuvifunga, na muitafutie trekta turubai. Ukiagiza kile kipande, soma namba iliyochapwa kwenye mwili wa kipande chenyewe na si ile ya kwenye bamba la vali nzima, kwa sababu spuli ya kugeuzia mkono mara nyingi si ya aina moja na ile ya kuinulia.